Kengele Mbili za Sayari Kikaango

Nianze na kengele, maana nisipoanza nayo mtaniona mwendawazimu.

Mimi nafanya kazi kwenye ukumbi wa nyota. Ni chumba cha mviringo chenye dari ya kuba, viti vya kuegemea mpaka macho yaangalie juu, na katikati mashine kubwa ya kurusha picha. Watoto wa shule huletwa, taa huzimwa, nami hushika kipaza sauti nikawatembeza angani. Kazi yangu ni mdomo, na mdomo, namshukuru Mungu, ninao.

Zamani nilikuwa nachanganya mambo. Nasema la kweli, halafu natia chumvi kidogo watoto wasisinzie. Mpaka siku moja akaja mama mmoja amefura, kamkamata mwanawe mkono, na mtoto ananuka kama beberu. Kisa? Niliwaambia watoto kwamba mwaka mmoja wa Zohali ni kama miaka ishirini na tisa ya kwetu, jambo la kweli kabisa, kisha nikatia chumvi kwamba wenyeji wa huko huoga mara moja tu kwa mwaka. Mtoto akaamua kuwa yeye ni mwenyeji wa huko.

Mkurugenzi wetu ni mtu anayependa kanuni kuliko chakula. Siku ile ile aliamuru kengele ya baiskeli ifungwe kwa skrubu ubavuni mwa mashine. Ikilia mara moja, yanayofuata ni ya kubuni. Ikilia mara mbili, tumerudi kwenye kweli. Na yale ambayo wanasayansi wanayadhani tu, hawajayathibitisha? Hapo Mkurugenzi aliwaza wiki nzima, akaja na kengele nusu. Unaifunika kwa kiganja huku unapiga, inatoa "kik" kama mtu aliyekabwa koo. Msicheke. Watoto waliishika kanuni ile kuliko wanavyoshika jedwali la kuzidisha, na ole wako useme neno la kubuni bila kengele.

Mpiga kengele alikuwa Fundi. Ndiye mwendesha mashine, anakaa nyuma yake gizani, na ukitaka kujua kama yupo itakubidi umguse. Mikono yake ni dhahabu. Anaifungua mashine iliyokufa kama mtu anayemenya chungwa, na kabla hujamaliza chai imefufuka. Kazini sina ugomvi naye hata kidogo. Ugomvi wetu ulikuwa wa nyumbani, kwa sababu Fundi ni mchumba wa mdogo wangu, na alikuwa mchumba kwa miaka sita.

Sita! Kila nikimuuliza, "Wewe bwana, harusi lini?" anajibu kwa upole ule ule wa kuudhi, "Mwakani, shemeji."

"Shemeji wa nani?" namwambia. "Shemeji huwa wa mtu aliyeoa."

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Basi anarudi nyuma ya mashine yake, mwaka unapita, namuuliza tena. Moyoni nilimpa jina. Nilimwita Kengele Nusu.

Sasa, mdogo wangu ni mkunga. Ni mpole, lakini upole wa mkunga msije mkauchezea. Asubuhi ya siku ninayowasimulia tulikuwa jikoni tunaosha vyombo. Akaniambia amepigiwa simu kutoka hospitali mpya ya mji mwingine, mbali, wanamtaka awe mkuu wa wakunga. Nyumba ya mfanyakazi ipo. Jibu wanalitaka kesho asubuhi, ofisi ikifunguliwa saa mbili.

"Na Fundi?" nikauliza.

"Nimemuuliza jana. Nimemwambia kila kitu, simu, hospitali, saa mbili, yote. Kasema mwakani." Akaikausha sahani moja mpaka nikaogopa itatoboka. "Dada, mimi nampenda yule mtu. Lakini kuna wanawake waliochumbiwa baada yangu, nimewazalisha mtoto wa kwanza, nimewazalisha wa pili, na sasa wanarudi kwa wa tatu. Wananiuliza, na wewe lini? Nimechoka kucheka. Kama hana neno, kesho naondoka, na nikiondoka nimeondoka."

Jamani, niliumia. Niliumia kwa ajili yake, na niliumia kwa ajili yangu, maana yule ni mdogo wangu wa pekee na nilimbeba mgongoni. Halafu uchungu ukageuka hasira, kama kawaida yangu. Nikamwambia, "Leo saa nane mchana tuna onyesho jipya. Njoo ukae kiti cha nyuma. Usiniulize kwa nini."

Onyesho lenyewe lilikuwa la sayari ya mbali, na maneno yake niliyaandika mimi. Nilipofika kazini nikaongeza kipande. Fundi sikumwambia. Yeye hana haja ya kujua maneno, maana nikigonga kipaza sauti kwa kucha mara moja anapiga mara moja, nikigonga mara mbili anapiga mara mbili.

Saa nane kasoro watoto wakajaa, darasa zima na mwalimu wao. Kiti cha mbele kabisa alikaa binti mmoja aliyeng'oka meno yote ya mbele, kibogoyo mwenye maswali, na pembeni yake Mkurugenzi na tochi yake ya kulinda kanuni. Mdogo wangu akaingia wa mwisho na sare yake ya kazi, akaketi nyuma. Taa zikazimwa. Juu ya kuba likatokea dude jekundu linalotokota.

"Watoto," nikaanza, "hiyo ni sayari ya mbali. Jina lake la kitaalamu ni 55 Cancri e, utadhani namba ya gari. Sisi hapa tunaiita Kikaango."

Mkurugenzi akakohoa. "Picha!"

Kweli bwana, picha. Hakuna aliyewahi kuiona sayari ile kwa sura, picha ni ya kuchora tu. Kriiing, Fundi akapiga. Nikasema, "Picha hii tumeibuni." Kri-kring, kri-kring. Tukaendelea.

"Kikaango iko umbali wa miaka ya nuru arobaini na moja. Yaani mwanga unaotoka huko leo, siku utakapofika hapa nyinyi mtakuwa na wajukuu. Upana wake unakaribia mara mbili ya dunia yetu, na uzito wake ni kama dunia nane. Imelisogelea jua lake mno, ndiyo maana ina joto la kuyeyusha mawe. Inadhaniwa," kik, "kwamba upande mmoja unalitazama jua siku zote, na wa pili uko gizani siku zote. Kama ina hewa au haina, bado wataalamu wanabishana. Na mwaka wake, yaani muda wa kulizunguka jua lake mara moja, ni kama saa kumi na nane. Haufiki hata siku moja ya kwetu!"

Ukumbi ukavuma. Kibogoyo akanyoosha mkono gizani, nikauona kwa sababu ulinipiga goti. "Mimi nina miaka saba. Huko ningekuwa na mingapi?"

"Elfu tatu na mia nne na ushei."

"Kumbe mimi ni bibi!" Akawageukia wenzake. "Niamkieni!"

Wakamwamkia wote, shikamoo bibi, na yeye akaitikia marahaba kwa sauti ya kutetemeka. Nikamsikia mwalimu wao ananong'ona hesabu ya miaka yake mwenyewe, halafu akaacha katikati.

Nikagonga kipaza sauti. Kriiing. Tukaingia kwenye kubuni.

Nikawaambia kwamba wenyeji wa Kikaango wana nyayo za chuma, na wakitaka chai huchovya birika barabarani. Keki ya kuzaliwa haijapoa, wanaoka nyingine. Mtoto akianza darasa la kwanza Jumatatu, Jumamosi amemaliza la saba. Babu akisema "enzi zetu," anazungumzia juzi. Na mtu asiyelala kabisa huko ni mwuza kalenda. Watoto wakacheka mpaka viti vinalia. Hapo nikavuta pumzi.

"Na huko Kikaango," nikasema, "palikuwa na fundi mmoja. Fundi huyo alikuwa na mchumba, mkunga, mwanamke mzuri wa sura na tabia. Kila akiulizwa harusi lini, hujibu mwakani. Sasa mwakani ya huko si ndiyo hiyo, saa kumi na nane? Akisema mwakani akaenda kulala, akiamka anapiga mswaki, mwaka umeingia. Anaulizwa, anasema mwakani. Amesema mwakani kwa miaka karibu elfu tatu! Yule mchumba amesimama mlangoni anamngojea, nyayo zake za chuma zimeanza kuyeyuka."

"Mwongo huyo!" mtoto mmoja akapaza sauti.

"Aachwe!"

"Aolewe na mwuza kalenda!" Kibogoyo akapitisha hukumu, na darasa zima likapiga makofi.

"Si mwongo!"

Sauti ilitoka nyuma ya mashine. Watoto wakaruka, maana hawakujua kama kuna mtu. Hata mimi nilishtuka, kwa miaka yote ile sijapata kumsikia Fundi akipaza sauti. "Fundi si mwongo!" akasema. "Fundi anampenda! Atamwoa!"

Tochi ikawaka. Mkurugenzi akasimama, akajifunga kifungo cha koti.

"Samahani sana," akasema. "Kengele ya kufunga haijapigwa. Kwa mujibu wa kanuni, maneno yaliyosemwa hivi sasa ni ya kubuni."

"Ya kubuni!" watoto wakaitikia kwa pamoja. "Ya ku-bu-ni!"

Hilo, naapa, sikulipanga. Nilitaka kumchoma tu, basi.

Kule nyuma kiti kikalia. Mdogo wangu alikuwa amesimama. "Basi piga kengele," akasema. Hakupandisha sauti. Ni ile sauti anayomwambia nayo mwanamke wakati wa kusukuma, na hakuna anayeibishia. "Piga, halafu useme tena."

Tukangoja. Kutoka gizani ikasikika, "Kik."

"Hiyo nusuuu!" watoto wakapiga kelele.

Halafu, polepole, kri-kring. Kri-kring. Mara mbili, kamili.

"Naogopa," Fundi akasema.

"Unaniogopa mimi?"

"Si wewe. Naogopa kutazamwa. Siku ya harusi mtu anakalishwa mbele, taa zote usoni, watu mia mbili wanamtazama anavyotafuna. Mimi shuleni nilizimia nikiitwa ubaoni. Si mara moja. Nikisema mwakani, nakuwa na maana yake kabisa, nadhani mwakani nitakuwa nimepata ujasiri. Mwakani ikifika, natafuta, sina. Nikaona aibu kukwambia. Mwanamume mzima anaogopa kutafuna."

Mimi nilimdhania kila ubaya. Nilidhani ana mwanamke mwingine, nilidhani hana moyo, nilidhani anamchezea mdogo wangu. Kumbe ni kutafuna! Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Miaka sita," mdogo wangu akasema. Sasa sauti yake ilikuwa imelowa. "Wewe mtu wewe! Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeniambia, tungefunga ndoa gizani. Mimi nazalisha watu umeme umekatika, giza litanifanya nini?"

Mwalimu wa darasa akapenga kamasi kwa kelele.

"Lakini kusubiri nimemaliza," akaendelea. "Nakupa mwaka mmoja. Wa Kikaango. Uje nyumbani kwetu na mzee wenu, mchana, mlango wa mbele, useme mbele ya mama. Mwaka huo ukipita hujaja, mimi nimeshawapigia hospitali kuwakubalia, na nimekwenda."

Akatoka. Gizani watoto wakaanza kuhesabu vidole, saa nane, saa tisa, saa kumi, wakakosana, wakaanza upya, mpaka Kibogoyo akatangaza, "Saa mbili asubuhi!" Mkurugenzi akamulika saa yake ya mkononi, akathibitisha. Taa zilipowashwa, nyuma ya mashine hapakuwa na mtu.

Usiku wa deni haukawii kucha. Asubuhi tulikuwa sebuleni watatu, mimi, mdogo wangu, na mama yetu ambaye tulimwambia tu avae kitenge kizuri, naye akavaa huku ananuna kwa kutoambiwa sababu. Simu ilikuwa mezani. Sanduku la mdogo wangu lilikuwa mlangoni, limefungwa. Saa moja na nusu, hola. Saa mbili kasoro robo, hola. Nilikwenda dirishani na kurudi, na kwenda tena, mpaka mama akaniuliza kama nina tumbo la kuendesha.

"Dada, kaa," mdogo wangu akasema. "Usiniangalie hivyo."

"Mwaka haujaisha," nikamwambia. Ndiyo maneno pekee niliyoyapata, mimi mwenye mdomo.

Saa ya ukutani ikagota mbili. Akaichukua simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Nikasikia upande wa pili mtu anasema halo. Mdogo wangu akafumba macho, akafungua kinywa.

Nje, kri-kring. Kri-kring.

"Mwuza maziwa huyo," mama akasema. "Mwambieni leo tunayo."

Niliukimbilia mlango nikapiga kidole cha mguu kwenye sanduku, maumivu yake nayahisi mpaka leo. Nikafungua. Fundi huyo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, jasho linamtiririka, mkononi kashika kengele ya ofisi aliyoing'oa na skrubu zake. Ubavuni kwake mjomba wake, amevaa kandambili za rangi mbili tofauti, anamwongoza kwa kiwiko. Na nyuma yao mtaa mzima! Wanawake na ndoo, wanaume na miswaki mdomoni, watoto juu ya ukuta, kwa sababu ukipita mtaani unapiga kengele na huna baiskeli, watu watakufuata tu. Wote wanamtazama.

"Amepiga toka barabara kuu," mjomba akaniambia kwa uchovu. "Nimemwambia aache. Kasema anataka ijulikane kuwa ni kweli."

Hapo ndipo nilipoona kwamba Fundi amefumba macho.

"Siwezi kufumbua, shemeji," akasema. "Lakini nimekuja. Mama yuko hapo? Mama, shikamoo. Nimekuja kumuomba binti yako. Si mwakani. Sasa hivi."

Mama akanitazama mimi, akamtazama mdogo wangu, akakitazama kitenge chake. "Marahaba," akajibu. "Ndiyo maana mmenivalisha."

Mdogo wangu alikuwa bado na simu sikioni. "Naomba dakika moja," akaiambia, akasogea mpaka mlangoni, mbele ya mtaa wote. "Fumbua," akasema.

Fundi akafumbua jicho moja.

"Na la pili."

Akafumbua la pili. Hakuzimia.

"Huko ninakokwenda, unaweza kupata mashine za kutengeneza?"

"Mashine mbovu ziko kila mji," Fundi akasema. "Bisibisi zangu zimo mfukoni."

Akairudisha simu mdomoni. "Halo? Samahani kwa kuwachelewesha. Ndiyo, nakuja. Ila ile nyumba ya mfanyakazi mliyosema," akasema, na machozi yakaanza kumdondoka, "iwe ya watu wawili."

Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Mimi nililia kama mtoto, sioni haya kusema. Nililia kwa furaha, na nililia kwa sababu ndani ya asubuhi moja nimeondokewa na mdogo wangu pamoja na mtu pekee anayeijua mashine yetu, na onyesho lilikuwa Jumatano. Kisha nikafuta uso kwa kanga, nikaichukua ile kengele mkononi mwake, maana ni mali ya ofisi.

"Karibu ndani, shemeji," nikamwambia.